Kiti cha Pili Kutoka Mlangoni

Huku Wisconsin mtoto aweza kunywa bia
mradi mzazi wake ameketi ubavuni.
Ndivyo ilivyoandikwa, sikuitunga mimi;
mimi namimina tu, nafuta kaunta.

Kila Ijumaa, saa ya samaki wa kukaanga,
Merle Brekke aliingia akikung'uta theluji,
nyuma yake Corbin, buti zikinuka zizi.
"Mbili, Lorna."
Kijana akiinywa yake polepole,
macho kwa babake,
kama anayejifunza kukamua.

Januari hii Merle akaanguka kando ya mashine ya maziwa.
Hospitalini wakamletea Corbin karatasi:
tuzime, tusizime?
Akasaini. Miaka kumi na tisa na miezi kumi.
Akasaini na mkopo wa benki,
ng'ombe sitini na wanne,
trekta lisilowaka asubuhi za baridi.
Ardhi ilikuwa imeganda. Walichoma makaa siku mbili
ndipo jembe likaingia.

Ijumaa akaja peke yake.
Kiti cha kwanza akakiacha, akakaa cha pili.
"Moja, Lorna."

Nikasimama na glasi kama mjinga,
leseni yangu ukutani ikinitazama.
Siwezi, Corbin. Bado miezi kumi na minne.

"Mwezi jana uliweza."

Mwezi jana ulikuwa na baba.

Laiti ningeumeza ulimi.
Sheria ni msumeno, najua,
ila huu ulimkata palepale alipokwisha kukatwa.

Mzee Wojtal akapaza sauti toka pembeni:
"Oa, kijana! Mke wa miaka ishirini na mmoja
akikaa hapo, unaruhusiwa!"
Hakucheka mtu.

Nami namkumbuka dada yangu Gwen,
mwaka themanini na mbili,
enzi ambazo kumi na minane ilitosha.
Aliyemgonga alikuwa nayo kamili,
kishada cha kofia ya mahafali
bado kinaning'inia kwenye kioo cha gari.
Basi msiniulize mimi umri upi.

"Mmiminie yeye," Corbin akasema.
Nikamimina, nikaiweka mbele ya kiti kitupu.
Hakuigusa. Povu likafa lenyewe.

Saa tatu akainuka; ng'ombe hawajui Jumamosi.
Akalipia samaki, akalipia na ile bia,
kisha akakisukuma kiti cha kwanza
kikaingia chini ya kaunta,
kwa goti, kama Merle.