Ndoo ya Majivu

Mji unaitwa Moshi na kazi yangu ni moshi:
mzaha huo nimeusikia miaka kumi na tisa,
kila mhasibu mpya huutoa kana kwamba kautunga yeye.
Nacheka. Mshahara uko mkononi mwake.

Nyuma ya hospitali, upande wa Njoro,
tanuri langu lina bomba lililopinda kama shingo ya bata.
Jumatatu na Alhamisi nalilisha:
glavu, mirija ya dripu, mifuko ya damu,
siku moja kiatu cha mtoto, kimoja tu.
Halichagui. Halitemi mfupa.

Mwezi wa tano alikuja binti wa maabara, Haikaeli.
Akakwangua shingo ya bomba kwa kijiko,
akatia masizi kwenye kichupa, akakipa namba.
Unatafuta nini humo, nikamwuliza, dhahabu?
Akataja jina, jina refu,
likapita kama treni ya mizigo, behewa baada ya behewa,
kichwa kishafika Kahe, mkia bado stesheni.
Nikasema, nipe kwa lugha ya mtu anayeshika koleo.

Akasema: Salfa imo kwenye mpira wa glavu.
Klorini imo kwenye plastiki ya mirija.
Kila mmoja kivyake ni jirani tu.
Motoni husambaratika,
lakini moshi ukianza kupoa, pale shingoni,
hukutana wakiwa uchi, hushikana,
na talaka yao si rahisi:
mvua haiwaachanishi, udongo hauwamalizi.
Hupenda mafuta, mzee. Wakiyapata hukaa.

Mafuta gani?

Ya ng'ombe. Ya kuku. Ya mtu.

Hapo koleo likawa zito.
Maana majivu yangu siyatupi.
Nani atupe majivu Uchagani?
Ndoo moja, mgomba mmoja;
jirani huja na kiroba, hurudi na shukrani,
mama Ndelilio hunilipa kichane cha mshare.
Na kuku wangu huoga humo,
hujipiga vumbi la kijivu, macho nusu, mabawa wazi,
wakiona raha ambayo mimi sijawahi kuiona.

Februari, Apaikunda wangu alipojifungua,
nilimpelekea trei nzima, mayai thelathini.
Nikajisifu mbele ya wakwe:
haya si ya dukani, tazameni kiini.
Akala. Mtoto akanyonya.

Majibu hayajaja. Mashine ya kuyasoma haipo hapa,
kichupa kimepanda ndege, mimi sijapanda hata siku moja.
Huenda kisipatikane kitu, alisema Haikaeli, usiwaze.
Huenda.
Neno jepesi kuliko ganda la yai,
na ndilo ninalolala nalo, ndilo linalonigeuza ubavu.

Alhamisi hii nimetenganisha: glavu huku, mirija kule.
Mhasibu kauliza mbona dizeli imekwenda mara mbili.
Nikasema, nawaachanisha majirani.
Hakucheka. Hakuuelewa mzaha, na haukuwa mzaha.

Jioni nikazungushia kuku wavu.
Walisimama wakiyatazama majivu yao kwa mbali.
Simu ikalia. Apaikunda:
Baba, mjukuu kaongezeka kilo nzima, mashavu hayo!
Ukija Jumapili
tuletee mengine.