Daftari la Vipimo

Kifua: thelathini na mbili.
Akivuta pumzi: thelathini na sita.
Nikapima tena, nikidhani utepe umeteleza.
Akacheka. "Andika tu, dada Bakhita,
hizo inchi nne ndizo zinazonilisha."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Perusi Nangobi,
binti wa karani wa kiwanda cha nguo, Jinja,
mwaka ule bwawa lilipokuwa bado jipya
na umeme ukiwa habari ya kusimulia.
Mimi Mnubi wa Bombo, cherehani ya kukopa,
kwenye baraza ya duka la Mulji.
Yeye alitaka gauni jeusi, mgongo wazi,
na alitaka kulipa nusu.

Aliimba jazi. Si ile ya bendi za dansi,
magitaa yakifukuzana hadi alfajiri.
Yake ilikuwa jazi ya kuchelewa,
neno linafika nyuma kidogo ya mdundo
kama mgeni anayejua hamtaanza kula bila yeye.
Hotelini, karibu na mto,
wahandisi waliacha vijiko ndani ya supu.
Mimi nilisikilizia jikoni, pini mdomoni,
maana zipu ile sikuiamini.

Kiuno: ishirini na saba. Kampala, ukumbi wa maigizo.
Akawa malkia, akawa kahaba, akawa hakimu juma zima,
na kila vazi nililishona mimi,
la hakimu kutokana na pazia.
Ikaja filamu, watu wa kamera na miavuli yao.
Akapewa sentensi mbili na sinia la chai.
Tulipanda basi kwenda kuitazama:
kilichobaki ni sinia
na kidole gumba chake.
"Lakini kidole," alisema, "kimeigiza vizuri."

Kuna ukurasa hauna namba.
Walikuja na gari usiku, wakamtaka akaimbe
kwenye sherehe ya mtu nisiyemtaja.
Waliomchukua walizungumza Kinubi, lugha ya mama yangu.
Hilo nimelibeba, sijalitua.
Alirudi kwangu alfajiri, kiatu kimoja,
akaomba maji, akanywa, akaomba tena.
Hakuniuliza lolote. Heri angeuliza.
Wiki iliyofuata alikuwa Nairobi.

Kifua: thelathini na nane. Akivuta: arobaini kasoro.
Miaka kumi na miwili; nisingemtambua
ila kwa jinsi alivyobisha bei.
Sigara, alisema, na baa zisizo na madirisha.
Sasa aliimba chini kabisa,
kama mtu anayekokota meza chumba cha pili
akijaribu asiamshe watoto.
Watu wakasema imekwisha.
Mimi nilisogeza kiti karibu.

Televisheni wakampa ubibi:
bibi mchawi, bibi mwenye mashamba,
bibi anayekufa sehemu ya tatu.
Watoto wa Walukuba walimwita kwa majina ya hao bibi.
Aliitikia yote. Jina lake mwenyewe
lilibaki kwangu, juu ya ukurasa, kwa penseli.

Mara ya mwisho alikuja kwa bodaboda
amekumbatia gomesi la zamani, apunguziwe.
Thelathini na moja.
"Vuta pumzi."
Akavuta. Utepe ulisogea upana wa kucha.
Tukanyamaza; cherehani ya jirani ikaendelea.
Kisha akaimba, pale pale, mikono juu,
mistari miwili ya wimbo wa hotelini,
akichelewa kuliko wakati wowote,
hadi nikadhani neno la mwisho amelisahau.
Likafika.

Wana wa dada yake walipokuja
kuuliza vipimo vya nguo ya kuzikia,
niliwaambia warudi kesho.
Nikafungua ukurasa wa kwanza kabisa,
nikakata kwa kipimo cha pumzi.
"Itampwaya," wakasema.
Nikasema najua.

Na nusu ya gauni jeusi
bado namdai.