Ziliingia Kumi

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Tandahimba.
Msimu wa korosho nahesabu magunia mpaka usingizini.
Yakiingia kumi ghalani, hutoka kumi.
Likipungua moja, mkuu wa ghala halali kwake.

Basi nielezeni, nyie mliosoma:
shashi kumi ziliingiaje tumboni mwa Somoe,
zikatoka tisa,
na watu wakanawa mikono, wakaenda kunywa chai?

Mtoto alilia. Tukashukuru.
Kidonda kikafunga juu, chini kikabaki na maneno yake.
Wiki ya tatu homa; wakampa dawa ya malaria.
Wiki ya tano harufu. Shangazi akasema ni jicho la mtu,
mbuzi wetu akaenda kwa mganga wa Kitangari,
hakurudi, wala nafuu haikuja.
Mwezi wa tatu, hospitali ya masista,
daktari mzee akanionyesha kisahani:
kitambaa cheusi, kimekunjwa kama barua.
Kizazi kilitoka nacho.

Wakili Tekla Hokororo ana ofisi Mtwara mjini,
ghorofani, juu ya duka la vipuri.
Feni yake inasema kuliko yeye.
Nilifika nimeivaa hasira kama kanzu;
alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Karatasi?"
Nikamwaga mfuko wa salfeti mezani:
kadi ya kliniki, risiti za dawa, tiketi za basi,
na stakabadhi za korosho zilizojichanganya humo.
Akazitenga polepole, kama achambuaye mchele.
"Jaji hapimi machozi," alisema. "Nipe tarehe.
Na serikali haishtakiwi ghafla. Hupewa notisi, siku tisini."
Nikacheka vibaya.
Tisini, ndizo Somoe alizokaa na shashi.

Faili, hospitali ikajibu, limeliwa na mchwa.
Mchwa wa ajabu, wanajua kusoma:
wameruka mafaili ya majirani yote.
Ila daftari la chumba cha upasuaji walilisahau,
na humo muuguzi mmoja, mwandiko wa mviringo,
aliandika saa nane na robo usiku:
Zimeingia 10. Zimehesabiwa 9. Daktari amejulishwa.
Wakili alisoma mara mbili, akavua miwani.
Mimi nilimwonea huruma yule dada.
Karani mwenzangu. Hesabu sahihi, msomaji hakuna.

Juzi wameleta ofa. Milioni kadhaa,
na chini yake maneno matatu: bila kukiri kosa.
Wakili hakutupamba. "Kesi yaweza kula miaka.
Pesa hii ipo leo. Uamuzi ni wenu, si wangu."
Nikaanza: bati, ada, deni la salfa ya mikorosho.
Somoe hakuhesabu kitu.
Mtoto alikuwa sakafuni anachezea mhuri wa wakili.
"Hilo bila," akauliza, "likifutwa, watalipa zaidi?"
"Hapana. Huenda wasilipe kabisa."
Feni ikazunguka, ikazunguka.

"Basi andika hivi: ziliingia kumi.
Zikatoka tisa.
Pesa waiweke chini, kiasi wapendacho,
wakikataa tukutane kwa jaji.
Mstari wa kwanza ni huo."

Wakili akachukua kalamu; wino ukagoma.
Nikampa yangu,
ile ya mizani.