Bolti Zimekataa

Masika yalipokaza Kiborloni, Mzee Aikaeli
alileta mashine yake ya kumenyea kahawa
kwa mkokoteni, imefunikwa gunia,
akasema: "Bolti zimekataa."

Zimekataa, kama mtoto aliyekataa shule.
Nikatia spana ya kumi na saba, nikainamia.
Ikateleza, ikanichuna kidole.
Bolti za chuma, kichwani muhuri wa nane nukta nane,
nguvu ya kuning'iniza lori,
na maji ya kahawa, yale machachu,
yamezila uzi misimu mitatu
hadi nati na bolti zikawa mwili mmoja,
wala si kwa mapenzi.

Nikakata kwa msumeno. Saa nzima.

Nilipomwonyesha za shaba njano
alizipima kiganjani, akacheka:
"Binti Temu, hizi si hereni?"

Hakukosea sana. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi
nilifunga kitako cha mota kwa shaba, kwenye kinu
cha Mama Ndeambiliasia, nikijivunia rangi.
Siku ya nne zilikatika, pa, pa,
mota ikarukaruka sakafuni kama jogoo aliyechinjwa,
unga hewani, wateja mlangoni na ndoo zao.
Fundi Salewi hakunigombeza. Alinipa kipande:
"Iangalie shingo. Imevutika kwanza.
Ilikuwa inakuambia."

Basi nikamwambia Mzee:
penye mtikisiko nimerudisha chuma, nimekipaka grisi.
Penye maji nimeweka shaba.
Itaota ukijani, usiisugue.
Na usikaze kwa hasira.
Ukiona inalainika mkononi, kama inakubali, acha hapo hapo:
haikubali, inakatika.

"Bei?"
Mara tatu ya chuma.
Akaguna. Akatazama upande wa mlima,
ambao siku hiyo haukuwapo, mawingu tu,
akahesabu noti moja moja, akizilowesha kwa ulimi.

Kisha akaomba zile za zamani.
Vipande vinane, vyekundu kwa kutu,
hata mnunuzi wa vyuma chakavu asingeviinamia.
Akavitia mfuko wa koti, upande wa ndani.
"Nilizikaza mwenyewe," alisema,
"usiku, umeme umekatika.
Mama Elinami ndiye alinishikia tochi."

Nikamsaidia kusukuma mkokoteni
hadi barabarani. Mama Elinami tulimzika Januari.