Kilo Arobaini na Moja

Kilo arobaini na moja zimeondoka.
Hatukuagana. Sijui zimekwenda wapi,
maana kitu kizito namna ile hakipotei hivi hivi,
lazima kimeegemea ukuta mahali,
pengine kituo cha basi cha Lochee,
kinanisubiri na mkoba wangu wa zamani.

Kwamba nguo zitapwaya, waliniambia.
Kuhusu viatu walinyamaza:
kumbe hata unyayo hukonda,
na buti nililonunulia theluji ya mwaka juzi
sasa nikipanda ngazi linabaki chini, linafikiri.

Na baridi je?
Miaka kumi na minne ndani ya Dundee
nikiwacheka Waskoti na makoti yao,
dirisha wazi hadi Novemba.
Leo ni Juni, nina soksi mbili kila mguu.
Kazini, kwenye dobi ya hospitali, naiba joto:
shuka zikitoka kwenye mashine nazikumbatia
mpaka Moira anauliza harusi yetu lini.

Nina mifupa miwili ya kukalia.
Wakati wote ule ilikuwa wapi?
Usiku magoti yanagombana kama mawifi,
nimeyawekea mto katikati, awe msuluhishi.
Na mlango wa basi bado naupita kiubavu,
nawaomba radhi watu ambao sijawagusa.
Mwili umehama, adabu zake zimebaki.

Halafu Jumapili ile, bafuni,
kidole kikakwama kwenye kitu.
Kigumu. Hapa, mbavu zinapokutana.
Nikagusa tena. Kipo.
Sabuni ikaniponyoka.
Siku tisa nilikibeba bila kumwambia Makame,
nikaandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi
nani achukue cherehani,
nani achukue pete (imezungushiwa uzi isidondoke),
nani ampigie mama.

Daktari Lorimer akabonyeza, akabonyeza tena,
kisha akaushika mkono wangu
akauweka juu ya blauzi yake, palepale.
"Na mimi ninacho," akasema.
"Ncha ya mfupa wa kidari.
Umekuwa nayo tangu tumboni mwa mama yako."
Miaka hamsini na moja,
na hatujawahi kusalimiana.

Mama kwenye simu haamini mfupa wala daktari.
Anaitazama shingo yangu tu.
"Huko wanakupa chakula?"
Jirani yake, Bi Salme, keshauliza
kwa ile sauti ya chini
inayotumika kuulizia maradhi yasiyotajwa.
Kwetu mtu akinenepa amenawiri,
akikonda ana lake jambo.
Nikasema, mama, sukari imeshuka, nimeacha vidonge.
Akasema sukari haijapata kumwondolea mtu mashavu.
Kisha akaniambia nisogeze simu,
niirudishe nyuma, niisogeze tena,
kama anayetafuta mtoto wake kwenye umati.

Lakini la sikio ndilo sikulitarajia hata ndotoni.
Kuna kijia humo ndani, nimeelezwa,
kilikuwa kimefunikwa na mafuta kidogo tu,
nayo yamefuata wenzake.
Sasa najisikia.
Nikitafuna mkate uliobanikwa, watu wanapasua kuni.
Nikisema neno, linanirudia
kama niliyeingiza kichwa mtungini.
Na pumzi, hiyo haina mapumziko,
inaingia, inatoka, inaburuta ndara zake usiku kucha.

Makame alilala miaka ishirini na sita
kando ya mkoromo wangu
kama mtu aliyepanga chumba jirani na mashine ya kusaga.
Mkoromo umekwisha, na yeye halali.
Kimya kinamwamsha.
Saa nane za usiku nahisi kiganja chake
chini ya pua yangu,
kinapima kama bado nipo.
Sisemi kitu. Namwacha ahakikishe.
Natamani ningemwazima sikio moja tu, la kushoto,
ajue humu ndani
kuna kelele.