Nyuzi

Siku ya saba baada ya upasuaji: nyuzi sitini na mbili.
Faili naliandika kwa Kiarabu,
mdomo nauachia Kiswahili, kwa kuwa Bi Ghaniya
akiumwa hana lugha nyingine.
"Nyuzi za nini?"
"Za pembe, bibi. Goti linavyokunjika."
"Mimi nyuzi nizijuazo ni za kofia."

Ibra, chumba cha mazoezi, saa tatu asubuhi.
Kiyoyozi kinanguruma kuwashinda wagonjwa.
Kijana wa ajali ya njia ya Sinaw
yuko baina ya vyuma viwili, anauzoea mguu wake wa kushoto
kama mtu anayezoea kumtaja mkwewe.

Mifupa niliisomea Maskati, miaka minne,
chumba cha Al-Khuwair, wasichana watatu, feni moja.
Likizo nikarudi na boksi la mifupa ya plastiki.
Bibi yangu akalizuia mlangoni:
"Maiti haingii humu haijaoshwa."
Nikaligonga fupa la paja kwa kucha, ko, ko.
Akakubali lilale uani, na bado akalisomea.
Misuli niliikariri kwenye paja la kuku,
mama akisema, kula, elimu haipoi, wali unapoa.

Hakuna kitabu kilichoniambia
kuwa mkono huu saa tatu na nusu utalaaniwa
na saa nne utabusiwa.
Nasukuma. Ananiita Firauni.
Nasukuma kidogo tena. Anamwita mama yake,
aliyezikwa Pemba kabla mimi sijazaliwa.

"Unataka goti likufanyie nini?"
Ni swali la fomu. Wengi hujibu: kusujudu.
Wengine: ngazi za kwa mwanangu.
Yeye: "Jumatano. Soko la wanawake.
Nikae chini, mkekani pangu,
baina ya Zamzam wa udi
na yule Shinuna anayeniibia wateja."
Kukaa mkekani kunataka nyuzi mia na kumi, na ziada.
Sikumwambia. Nikasema, leo tutafute mbili.

Sabini.
Sabini na nne.
Sabini tena: palikuwa na msiba, siku tatu kitini.
Tisini, siku wadi ilipojaa maji
na nusu ya wagonjwa wakakwama ng'ambo.
Yeye alikuja. Mjukuu alimpitisha njia ya mlimani.

Barafu ikiwa juu ya goti, anadarizi.
Kitobo, uzi ukizunguke, kitobo kingine.
Ukivuta sana, anasema, kitambaa kinajikunyata.
Ukilegeza, ua halioni.
Nikayaandika hayo, si ndani ya faili.
Kisha akaniuliza kahawa ya hospitali
huwa wanaipikia nini, soksi?

Mia na nne. Halafu hakuja.
Wiki ya kwanza, ya pili. Simu imezimwa.
Msimamizi akasema, funga faili.
Nikalifunga. Mstari wa mwisho, penye "lengo",
nikauacha mtupu.

Jumatano niliyopata ruhusa nikaenda sokoni.
Zamzam na udi wake. Shinuna na sauti yake.
Na katikati, juu ya kiti cha plastiki cha buluu,
Bi Ghaniya, mkeka mbele yake umekaliwa na kofia tu.
"Bibi! Miezi mitatu tumetoana jasho!"
"Chini naweza," akasema. "Nilikaa Jumatano mbili,
Shinuna akaniona. Sasa kwa kuwa naweza, sitaki."

Nikamchagulia kaka yangu moja, ya urujuani.
Riali ishirini. Nikasema kumi na saba.
"Nyuzi hizi hazipunguzwi, daktari. Zako ulinipunguzia?"
Akacheka, sindano ikamponyoka,
ikapotea kwenye ukindu wa mkeka.
Akaitazama ilipoingia. Hakuniomba.
Akashuka, kiganja pajani, pumzi ameibana,
na mimi nimesimama na noti mkononi
nahesabu kimyakimya:
tisini, mia, mia na kumi,
mia na kumi na sita,
akaipata.