Barua kwa Mhariri, Kabla Sijakata Usajili

Bwana Seidel,
toleo la Februari limenifikia limelowa chepechepe;
theluji ya Markneukirchen haijali anwani ya mtu.
Nimelianika juu ya jiko, kando ya soksi za mume wangu,
na lilipokuwa likijikunja kama jani la tumbaku
nikajiuliza: miaka thelathini na moja nalipa,
nalipia nini?

Jaladani, gitaa la bei ya gari.
Ukurasa wa nne, gitaa lile lile, linasifiwa.
Ukurasa wa tano, tangazo la aliyeliunda.
Mimi ni fundi, Bwana Seidel.
Naijua harufu ya gundi hata ikipakwa rangi juu.
Kizuri chajiuza;
hicho chenu kimetembezwa kurasa nane.

Habari za nani kagombana na bendi yake
mjukuu wangu Jannik huwa nazo kabla ya chai.
Usishindane naye. Yeye ana kidole gumba chepesi,
wewe una mtambo wa chapa kule Plauen
na lori moja, kila Alhamisi, likiwaka.
Basi chelewa kwa makusudi.
Niletee kisichoweza kuharakishwa.

Nenda kwa Gerlinde, nyumba ya tatu baada ya kanisa.
Hugonga ubao wa msonobari kwa fundo la kidole,
husikiliza, hutikisa kichwa, hugonga mwingine.
Katika mbao arobaini huchagua mbili.
Muulize zile thelathini na nane zilikosa nini.
Hiyo ndiyo makala. Mpe kurasa kumi,
na mpiga picha wako asimwambie atabasamu.

Andika habari za gitaa lililopasuka.
Njoo kwangu pia: nitakusimulia nilivyoikata vibaya
shingo ya gitaa la mteja, nikaificha siku mbili
chini ya gunia la randa, kisha nikampigia simu.
Msomaji hana la kushika kwenye picha inayong'aa.
Mwonyeshe pale msumeno ulipoteleza.

Na noti, jamani, zikuzeni!
Macho yangu yana miaka sitini na tisa.
Tena nikililaza jarida kwenye stendi
hujifunga lenyewe katikati ya mstari wa tatu,
mikono yangu yote miwili ikiwa kazini;
nimewahi kuligeuza ukurasa kwa pua.
Lishone kwa waya wa mviringo. Acha pambizo pana.

Pambizo, ndiyo. Hapa ndipo nilipotaka kufika.
Mwaka themanini na tatu, upande wetu wa ukuta,
jarida la ng'ambo ya pili lilivuka mpaka
limeshonewa ndani ya bitana ya koti.
Lilipita mikono kumi na tisa kabla ya yangu.
Mmoja aliacha duara la kahawa,
mwingine unywele mwekundu, mrefu.
Na mtu nisiyemjua hadi leo,
juu ya noti ngumu kuliko zote,
aliandika kwa penseli:
*Kidole cha nne. Usiogope.*

Sikuogopa.
Hata sasa nikifika pale
kidole changu cha nne hushuka
kwa ujasiri wa mtu mwingine.

Simu ya Jannik ina nyimbo zote za dunia,
wala siidharau, hunitafutia hata nyuzi za bei nafuu.
Ila akishamaliza kuutazama ukurasa
ukurasa haujui kwamba alipita.

Nimeambatanisha fomu ya kukata usajili.
Bado sijaitia sahihi.
Nyuma yake nimechora mistari mitano kwa rula;
kama una jibu, anzia hapo.

Wako,
Roswitha Klier

Ukurasa wa arobaini na sita, mstari wa pili:
ile ni fa, si sol.
Kwenye nakala yangu nimeshasahihisha.